Habari za OpenBSD ni Ratiba ya Kazi Yako

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa mitambo, wanafunzi mliokuja kusikiliza, hamjambo.

Nianze na ruta. Septemba 2021 lilitoka toleo la 8.8 la OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa usalama. Kadiri kompyuta za wasimamizi zilivyosasishwa baada ya hapo, kilio kimoja kikasikika kwenye ofisi nyingi duniani: mtu anaandika `ssh admin@10.0.0.1` kama alivyozoea, muunganisho unashindikana, na skrini inaleta maneno `no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`. Ruta haijaguswa na mtu. Nyaya ni zilezile. Kilichobadilika ni kompyuta aliyokalia yeye mwenyewe.

Jambo hilo lilikuwa limetangazwa Februari 2020, kwenye maelezo ya toleo la 8.2. Hiyo ni miezi 19 kabla. Sababu iliandikwa wazi: shambulio la kugonganisha alama za SHA-1 (njia ya zamani ya kuipa data alama fupi ya kuitambulisha) limekuwa rahisi kiasi kwamba linawezekana kwa chini ya dola 50,000 za Marekani, kwa hiyo sahihi zinazotegemea SHA-1 zitazimwa. Hata njia ya kupima iliwekwa palepale: andika `ssh -oHostKeyAlgorithms=-ssh-rsa mtumiaji@seva`, na kifaa kitakachokataa, kikiwa hakina aina nyingine ya ufunguo, ndicho kitakachokusumbua kesho. Aliyesoma alipata zaidi ya mwaka mzima wa kupitia vifaa vyake kimoja kimoja. Ambaye hakusoma aliambiwa na ruta, tena pengine usiku, mtandao ukiwa umelala.

Kwa wale ambao bado wana vifaa hivyo, dawa ni kumfungulia mlango mgonjwa mmoja tu, ndani ya `~/.ssh/config`:

```
Host ruta-ya-zamani
    HostName 10.0.0.1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa
```

Mistari hiyo usiiweke chini ya `Host *`, maana hapo utakuwa umerudisha udhaifu kwa kila seva unayoingia. Halafu kuna watu waliotupa funguo zao za RSA wakidhani zimekufa. Hazikufa. Kilichozimwa ni namna ya kutia sahihi kwa SHA-1. Ufunguo uleule wa RSA unatia sahihi kwa `rsa-sha2-256` au `rsa-sha2-512`, na mambo yanaendelea.

Hoja yangu leo ndiyo hiyo. OpenSSH hutengenezwa na watu wa mradi wa OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, na imo karibu katika kila seva ya Linux mnayoigusa, ndani ya macOS, na ndani ya Windows. Hata kama hujawahi kusakinisha OpenBSD yenyewe, habari zao zinakuhusu. Zisomeni kama ratiba ya kazi.

Kwa ufupi, hawa ni nani? Mizizi iko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako BSD ya kwanza, mfumo endeshi wa familia ya Unix, ilisambazwa mwaka 1978. Mwaka 1993 zikazaliwa NetBSD na FreeBSD. Theo de Raadt, mzaliwa wa Pretoria aliyekulia Kanada, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa NetBSD hadi alipotolewa kwenye kundi la viongozi wake Desemba 1994. Oktoba 1995 akaanzisha OpenBSD mjini Calgary. Tangu mwanzo msimbo wao ulikuwa wazi kwa mtu yeyote kuusoma hadi badiliko la jana, wakati ambapo miradi mingi mingine ilitoa msimbo siku ya toleo tu. Juni 1999 walikutana watu kumi Calgary, wakakaa pamoja kuandika msimbo, na neno hakathoni likaanzia hapo. Kukutania Kanada kulikuwa na sababu: sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa programu za kuficha siri, za Kanada hazikubana.

Toleo la OpenBSD hutoka kila miezi sita, moja kuelekea Aprili au Mei, jingine Oktoba au Novemba. Toleo 7.7 lilitoka Aprili 2025, 7.8 Oktoba 2025. Matoleo mawili ya mwisho tu ndiyo hupewa viraka. Hesabu yake ni rahisi: mashine yako ina mwaka mmoja, kisha uhamie mbele. Hakuna toleo la muda mrefu la miaka mitano, na ofisi isiyoweza kutenga nusu siku mara mbili kwa mwaka isitumie mfumo huu. Nasema hivyo nikiupenda.

Sasa, habari zenyewe zinapatikana wapi? Ukurasa wa marekebisho ya kila toleo ndio wa kwanza. Kila dosari ina namba, 001, 002, na kuendelea, na juu yake pameandikwa kama ni ya usalama au ya uthabiti, na ni ya aina zipi za mashine. Huo unausoma kila wiki, dakika mbili. Maelezo ya toleo unayasoma mara mbili kwa mwaka, taratibu, ukiwa na kalamu. Halafu yako maelezo ya kila badiliko la msimbo, na hayo ndiyo yenye utamu. Mwandishi anaeleza amebadilisha nini na kwa nini, mara nyingi kwa mistari mitatu minne, na mwishoni utaona `ok deraadt@` au jina la mwenzake mwingine. Hiyo `ok` maana yake kuna jicho la pili lililopita. Badiliko kubwa lenye `ok` tatu limejadiliwa. Na ukiona badiliko limerudishwa siku inayofuata, subiri, kuna kitu bado kinapikwa.

Kwenye mashine yenyewe, viraka huja kwa `syspatch`, chombo kilichoingia toleo 6.1 mwaka 2017. `syspatch -c` inaorodhesha vilivyopo, `syspatch` peke yake inavipachika, `syspatch -l` inaonyesha vilivyokwisha kupachikwa, na `syspatch -r` inaondoa cha mwisho kikileta shida. Inafanya kazi kwenye amd64, arm64 na i386 pekee. Mwenye mashine ya aina nyingine atajenga kutoka kwenye msimbo.

Kuhama toleo ni kazi ya `sysupgrade`, iliyoingia 6.6 mwaka 2019. Inapakua faili za mfumo hadi `/home/_sysupgrade`, inahakiki sahihi, inawasha mashine upya, inasakinisha, kisha inawasha tena. Ukirudi ndani, soma barua ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), endesha `sysmerge` kama kuna faili za mipangilio zilizoshindikana kuunganishwa zenyewe, halafu `pkg_add -u`. Linaloharibika mara nyingi ni nafasi. Mashine iliyogawanywa diski miaka mingi iliyopita huwa na `/usr` ndogo, na ikijaa katikati ya kufungua faili unabaki na mfumo nusu mpya nusu wa zamani. Kwa hiyo `df -h` kwanza, kila mara. Tena usiruke toleo: kutoka 7.6 unapita 7.7 kabla ya 7.8.

Uhakiki wa sahihi unastahili maneno mawili. Tangu 5.5, mwaka 2014, matoleo hutiwa sahihi kwa chombo chao kidogo kiitwacho `signify`. Ndani ya kila toleo umo ufunguo wa toleo linalofuata. Mwenye 7.7 tayari ana `/etc/signify/openbsd-78-base.pub` kwenye diski yake, kwa hiyo anaweza kuhakiki 7.8 bila kuamini tovuti yoyote:

```
signify -C -p /etc/signify/openbsd-78-base.pub -x SHA256.sig install78.img
```

Ukiuona mstari unaoishia na `OK`, endelea. Ukiona neno jingine lolote, futa faili, pakua upya kutoka kioo kingine (seva yenye nakala za faili hizo). Kwenye intaneti ya kukatikakatika, faili lililopakuliwa nusu ndilo chanzo cha kwanza. Usikimbilie kushuku wadukuzi.

Kuna kioja kimoja ambacho wengi hukutana nacho bila kujua jina lake. Tangu 6.2, Oktoba 2017, kila mashine ya OpenBSD inapowaka hujiunganishia kiini (kernel) kipya: vipande vya msimbo wa kiini vinachanganywa mpangilio na kuunganishwa upya, tayari kwa kuwaka kunakofuata. Hakuna mashine mbili zenye kiini kilichopangwa sawasawa, na mshambuliaji aliyejua anwani fulani kwenye mashine moja hazimsaidii kwenye nyingine. Tatizo huja pale msimamizi anapoweka `/bsd` yake kwa mkono. Mfumo hulinganisha kiini na alama iliyo ndani ya `/var/db/kernel.SHA256`, zisipolingana, kazi ya kuunganisha inaachwa, na `syspatch` yenye kiraka cha kiini inakwama vilevile. Logi iko `/usr/share/relink/kernel/GENERIC.MP/relink.log`. Kama una hakika kiini ni chako, andika `sha256 -h /var/db/kernel.SHA256 /bsd`, halafu `/usr/libexec/reorder_kernel`. Kama huna hakika nani kaweka kiini hicho, basi una kazi nyingine kubwa zaidi ya kiraka.

Wanaopenda kufuata mabadiliko kabla hayajakomaa wana `sysupgrade -s`, inayoleta picha (snapshots), yaani mfumo unaojengwa upya kila siku chache. Hapo mtego ni vifurushi. Mfumo umejengwa leo, vifurushi vilijengwa siku kadhaa nyuma dhidi ya maktaba ya namba ya chini, na `pkg_add` inalalamika haioni maktaba. Subiri siku moja au mbili. Na wiki za mwisho kabla ya toleo, mfumo hujitambulisha kana kwamba toleo limekwisha kutoka, `pkg_add` inaenda kutafuta saraka ambayo bado haipo. Ongeza `-Dsnap` na itarudi njiani.

Nije kwenye vioja vinavyochekwa. Mradi huu bado una toleo la mashine za Omron Luna-88K za Kijapani na za Sun zenye kichakato cha sparc64. Watu huuliza: nani anazitumia? Jibu ni kwamba zinatumika kukamata makosa. Sparc64 hupanga baiti kinyume na kompyuta zetu za kawaida, na haivumilii kusoma namba kutoka anwani isiyopangika. Programu inaanguka palepale. Kwenye amd64 kosa lilelile lingepita kimya kwa miaka. Gharama yake ni umeme. Januari 2014 mradi uliomba msaada hadharani kwa sababu bili ya umeme ya mashine hizo ilikuwa takribani dola 20,000 kwa mwaka. Fedha zilipatikana, ila tukio lilionyesha kitu cha ajabu: programu inayolinda seva nyingi duniani ilikuwa inategemea bili ya jengo moja Calgary.

Au mwaka 2038. Mashine zinazohesabu sekunde kwa biti 32 zitafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. OpenBSD walibadilisha hesabu kuwa biti 64 kwenye mashine zote, hata zile za biti 32, na toleo 5.5 la Mei 2014 likatoka hivyo. Walivunja programu nyingi za watu kwa makusudi, kisha wakatuma marekebisho kwa wenyewe. Debian walifanya kazi kama hiyo kwa armhf (mashine za ARM za biti 32) mwaka 2024. Ukiwa na vifaa vya kupimia maji au umeme vyenye Linux ya biti 32, vinavyotarajiwa kudumu miaka 15, hesabu hii ni yako leo.

Sasa nikae kidogo kwenye Julai 2024, maana hapo pana funzo la kiufundi ambalo magazeti yalilipita juu juu. Tarehe 1 Julai kampuni ya Qualys ilitangaza dosari ya sshd, sehemu ya OpenSSH inayokaa kwenye seva, CVE-2024-6387. Mteja akiunganisha na asithibitishe utambulisho ndani ya sekunde 120, saa inalia ndani ya programu na kipande fulani cha msimbo kinaamshwa kuikata. Kipande hicho kiliita `syslog`, kazi ya kuandika logi, ambayo kwenye Linux yenye glibc (maktaba yake ya msingi) huweza kugusa mgao wa kumbukumbu wakati mgao wenyewe uko katikati ya kubadilishwa. Mshambuliaji mvumilivu anaweza kuotea wakati huo. Qualys, kwenye mfumo wa biti 32, walihitaji wastani wa majaribio kama 10,000, yaani saa sita hadi nane mpaka kupata root. Dosari ilikuwa imewahi kuzibwa mwaka 2006; ikarudi kwenye toleo la 8.5, mstari mmoja wa ulinzi ulipoondolewa kwa bahati mbaya.

OpenBSD yenyewe haikuguswa. Mwaka 2001 walitengeneza `syslog_r`, namna ya kuandika logi iliyo salama kuitwa hata saa inapolia. Kitu cha mistari michache, kisichoandikwa popote kama habari, kikaokoa mfumo mzima miaka 23 baadaye.

Kwa mwenye Linux, kosa la wiki ile lilikuwa kutazama namba. `sshd -V` ikionyesha 9.2p1, wengine walipiga mbiu kwamba wako hatarini. Debian 12 ilibaki 9.2p1 hata baada ya kuzibwa. Kinachobadilika ni mkia wa kifurushi, `+deb12u3`, unaouona kwa `dpkg -l openssh-server`. Debian 11 yenye 8.4 haikuwa na dosari hiyo kabisa. Wengine wakaweka `LoginGraceTime 0` na kuiacha hadi leo. Hiyo ilikuwa bandeji: saa ikizimwa, mtu anaweza kufungua miunganisho na kuiacha wazi hadi nafasi zote za `MaxStartups` zijae, na wewe mwenyewe usiweze kuingia. Kama ingali kwenye seva yako, iondoe.

Toleo la 9.8 la OpenSSH lililoziba dosari lilileta na adhabu kwa anwani korofi, `PerSourcePenalties`, na imewashwa tangu mwanzo. Kila muunganisho unaoisha baada ya uthibitisho kushindikana unaongeza sekunde 5. Zikifika 15 anwani inafungiwa, na kikomo ni dakika 10. Ni jambo jema, lakini fikirini mitandao ya simu, ambako mamia ya wateja hutoka kwa anwani moja ya intaneti. Mmoja akiunganisha na kushindwa kuingia mara tatu mfululizo kwa haraka, au simu ya mwingine ikiwa na kirusi kinachojaribu nywila, na wewe unafungiwa pamoja nao. Ukiona muunganisho unakatwa kabla hata ya kuombwa nywila, soma logi ya seva kabla ya kulaumu mtandao. Anwani ya ofisi iweke kwenye `PerSourcePenaltyExemptList`. Anwani nzima ya kampuni ya simu usiiweke.

Jambo dogo la karibu na hilo: tangu OpenSSH 9.0, Aprili 2022, `scp`, amri ya kunakili faili, hutumia itifaki ya SFTP ndani kwa ndani. Vifaa vidogo vya OpenWrt (mfumo wa ruta) visivyo na `sftp-server` vinakataa faili. `scp -O` inarudisha njia ya zamani.

Msinielewe kwamba kila kitu chao ni dhahabu. Bango lao maarufu linajisifu kwa matundu mawili tu ya mbali katika usakinishaji wa msingi kwa muda mrefu sana: moja la Juni 2002 ndani ya OpenSSH, la pili la Machi 2007 kwenye IPv6. Ni kweli, lakini zingatia maneno “usakinishaji wa msingi”. Januari 2020 seva yao ya barua, OpenSMTPD, ilikutwa na dosari iliyomruhusu mtu kupenyeza amri za root kupitia anwani ya mtumaji. Haikuhesabiwa, kwa kuwa kwa kawaida seva hiyo husikiliza ndani ya mashine tu. Aliyekuwa ameifungulia intaneti alikuwa nje ya bango.

Na mfumo wa faili. FFS yao haina jarida la mabadiliko. Chaguo la `softdep`, ambalo wengi walilinakili kwenye `/etc/fstab` kwa kasi, tangu 7.4 mwaka 2023 halifanyi chochote. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka inaendesha `fsck`, na kwa diski kubwa ni kusubiri. Ikikuta uharibifu usioweza kurekebishwa salama, inasimama na kuomba mtu: `Enter pathname of shell or RETURN for sh:`. Bonyeza Enter, andika `fsck -y`, kisha `exit`. Mashine ikiwa kilomita 300 kutoka ulipo, hakuna wa kubonyeza Enter. Kwa hiyo gawanya diski vipande vidogo kama kisakinishi kinavyopendekeza, nunua UPS yenye kuzima mashine kwa adabu, na pale panapokatika umeme kila siku, weka kebo ya konsoli (serial port) kwenye kifaa kingine kinachofikika.

Nimalizie kwa kilichopo mezani sasa. Toleo la 10.0 la OpenSSH la Aprili 2025 liliondoa funguo za DSA kabisa, na kuufanya `mlkem768x25519-sha256` kuwa njia ya kwanza ya kukubaliana ufunguo, kwa hofu ya anayehifadhi mawasiliano ya leo ili ayafungue siku kompyuta za kwanta zitakapoiva. Toleo la 10.1 la Oktoba 2025 linakwenda mbele: ukiunganishwa na seva isiyo na njia ya namna hiyo, mteja anatoa onyo. Seva zenye 9.0 na kuendelea zinapita. Ubuntu 22.04 yenye 8.9 inapita. Ubuntu 20.04 yenye 8.2 na Debian 11 yenye 8.4 zitaleta onyo. Kupima ni mstari mmoja:

```
ssh -v seva 2>&1 | grep 'kex: algorithm'
```

Ukiona `mlkem768` au `sntrup761`, njia zinazokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, seva hiyo iko sawa. Ukiona `curve25519-sha256` peke yake, iandike kwenye orodha. Onyo linaweza kunyamazishwa kwa `WarnWeakCrypto no`, na najua baadhi yenu mtafanya hivyo Jumatatu. Angalau iwekeni chini ya jina la seva moja, na pembeni yake muandike tarehe.

Karibuni maswali.